Kasigau na Mabaraza ya Wazungu

Siasa za Ulaya hazikungoja redio ili ziingie Taita Taveta. Zilikuja na bunduki. Tarehe 15 Agosti 1914, siku kumi na moja tu baada ya Uingereza kutangaza vita juu ya Ujerumani, askari wa Kijerumani walivuka mpaka wakaiteka Taveta. Mtaveta aliyekuwa akipalilia migomba yake siku hiyo hakuwa na ugomvi na mfalme yeyote wa Kizungu.

La ajabu ni kwamba Wazungu wenyewe walikwisha kulizungumza jambo hili. Katika mkutano wa Berlin, ulioanza Novemba 1884 ukaisha Februari 1885, waliandika vifungu vya kuwezesha nchi zote kuanzia Kongo hadi pwani yetu ziwekwe kando endapo mataifa ya Ulaya yangepigana. Lakini vifungu hivyo vilikuwa vya hiari, na manowari ya Kiingereza ilipoipiga Dar es Salaam kwa mizinga Agosti 1914, vikawa karatasi tu. Hakuna Mtaita aliyeketi Berlin. Wala hakuna aliyeulizwa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipochora mpaka kutoka baharini hadi Kilimanjaro na kuendelea.

Wasomaji wengi wamesikia habari za kilima cha Salaita, ambako askari wa Afrika Kusini walishindwa vibaya tarehe 12 Februari 1916, na za reli iliyojengwa haraka kutoka Voi kuelekea Taveta ili kubeba majeshi. Makaburi ya askari yapo Voi na Taveta, yakitunzwa vizuri. Hayo yameandikwa sana. Habari za watu wa Kasigau hazisimuliwi hivyo.

Kasigau ni mlima uliosimama peke yake katika nyika, kusini-mashariki ya Voi. Wakati wa vita ulikuwa kati ya mpaka wa Wajerumani na reli ya Mombasa, na kwa kuwa nyika ile haina maji, aliyeushika mlima wenye chemchemi aliweza kuifikia reli na kuilipua. Waingereza waliweka kikosi hapo. Mwaka 1915 Wajerumani walikivamia, na Waingereza wakasema kwamba wenyeji ndio waliomsaidia adui. Basi adhabu ikawaangukia wote, wazee kwa watoto. Walihamishwa kutoka mlimani wakapelekwa Malindi. Watu waliozoea baridi ya mlima wakatupwa kwenye joto na mbu wa pwani, na wengi walikufa kwa homa na njaa. Waliosalia walihangaika huku na huku, na ilikuwa miaka ya 1930 ndipo waliporuhusiwa kurudi Kasigau. Wapiganapo ndovu nyasi huumia, husema wahenga, ingawa katika nchi ya Tsavo ndovu si wa methali tu. Hula mahindi ya watu kwelikweli.

Leo mlima ule ule umeingia tena katika mabaraza ya Ulaya, safari hii kwa sababu ya miti yake. Viwanda vinachafua hewa, na mti uliosimama huhifadhi ukaa ambao ungepanda angani kama ungekatwa na kuchomwa. Kwa hiyo kampuni ya mbali hulipa ili msitu usikatwe, na malipo huhesabiwa kwa tani. Mradi wa Kasigau, unaojumuisha ranchi ya Rukinga na jirani zake, ulikuwa wa kwanza duniani kutoa hati za namna hii za kulinda msitu, mwaka 2011. Miongoni mwa waliojiingiza mapema ni Allianz, kampuni ya bima ya Ujerumani. Yaani Mjerumani amerudi Kasigau, mara hii na kitabu cha hundi.

Fedha hizo zimelipia karo na miradi ya maji, na mwandishi huyu hawezi kuzidharau. Lakini bei ya tani haipangwi Rukanga wala Bungule. Soko la lazima la Jumuiya ya Ulaya halijapata kupokea hati za misitu, ndiyo maana Kasigau hutegemea wanunuzi wa hiari, ambao huja na kuondoka. Mwaka 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza kwamba kuanzia 2036 sehemu ndogo ya lengo lake itimizwe kwa hati kutoka nchi za nje. Zipi zitakubaliwa? Neno moja katika kanuni hizo laweza kuamua kama mtoto wa Makwasinyi atalipiwa karo.

Bunge la Kenya, kwa sheria ya mwaka 2023, limeagiza kwamba miradi ya ardhi iwape wenyeji si chini ya asilimia 40 ya mapato. Huko Kasigau wanakijiji huchagua kamati zao za kuamua fungu lao litumike wapi, katika karo au katika tangi la maji. Kamati hizo hazina kauli juu ya bei ya tani, hugawa kilichofika.