Mgonjwa Anaposema "Bora Nife"



Tuseme mzee mwenye saratani iliyokwisha kuenea amerudishwa nyumbani kwake Raskazone. Usiku wa tatu hajalala. Kunapokucha anamwambia binti yake, "Mwanangu, bora nife nipumzike." Binti afanyeje?

Kuna nchi ambako jibu limeandikwa katika sheria. Uholanzi, tangu mwaka 2002, daktari anaruhusiwa kwa masharti kumpa mgonjwa dawa ya kumwua akiomba mwenyewe. Wanakiita kifo laini. Hapa Tanzania kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai. Naye Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya Injili ya Uhai wa mwaka 1995, alifundisha kuwa kifo laini ni uvunjaji mkubwa wa sheria ya Mungu.

Lakini baba bado analia kwa maumivu! Kumwambia "vumilia, ndio msalaba wako" kisha kufunga mlango si mafundisho ya Kanisa. Mwaka 1957 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliwajibu madaktari kuwa ni halali kutuliza maumivu kwa dawa kali kama hakuna njia nyingine, hata ikiwa zingefupisha maisha, mradi nia iwe kutuliza wala si kuua. Vilevile mgonjwa halazimiki kukubali matibabu mazito yasiyomfaa tena. Kuyaacha si kujiua. Ila matunzo ya kawaida, yaani kumlisha na kumnywesha kadiri mwili unavyopokea, kumwosha na kumgeuza, hayaachwi.

Dk. Anne Merriman, Mkatoliki aliyewahi kuwa mtawa, alilichukua jambo hili kwa vitendo. Mwaka 1993 alianzisha Hospice Africa mjini Kampala, akipinga kifo laini na kutumia mofini ya maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywa kwake nyumbani. Mkoani kwetu, Hospitali Teule ya Muheza, ya ndugu zetu Waanglikana, ilianza huduma ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Tatizo kubwa ni hofu. Mofini ikifika nyumbani hakosekani mgeni wa kunong'ona, "Hiyo ni dawa ya kumalizia." Si kweli. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari haiui. Siku za mwanzo mgonjwa husinzia, na mara nyingi ni usingizi aliokuwa anaudai. Mofini ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Anayengoja mpaka mgonjwa apige kelele amechelewa. Choo huwa kigumu, basi mwombe daktari dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Usiongeze kipimo kwa kubahatisha, wala usimgawie jirani.

Kwa hiyo binti huyo aende hospitali akaseme wazi: baba halali kwa maumivu. Watu wa jumuiya ndogondogo nao wapeane zamu za usiku, apate kulala. Na padre aitwe mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, mzee angali anaweza kuungama na kupokea Komunyo kwa akili zake.