Gitaa la Marehemu na Mkebe wa Vanishi

Jumapili iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mwana wa marehemu ndugu yangu alinijia nyumbani na mfuko mrefu begani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita ndani."

Mfukoni mlikuwa na gitaa la baba yake, lile alilokuwa akilipiga arusini miaka ya themanini. Mkono wa pili alishika mkebe wa vanishi ya mashua. Fundi mmoja wa majahazi alikuwa amemshauri aukwangue ubao wa shingo kwa msasa mpaka uwe sawasawa, kisha aupake mikono mitatu ya vanishi, na gitaa litarudi ujanani.

Najua yupo msomaji atakayeuliza: mtu aliyesomeshwa chuoni akahitimu, ana shughuli gani na gitaa? Suala la ala nawaachia masheikh wetu. Mimi leo nazungumza habari ya mbao.

Ubao huo ndio unaobandikwa juu ya shingo, pale vidole vinapobonyeza nyuzi. Aghalabu huwa wa abunusi, au wa mpingo wetu, au wa mti wa Bara Hindi ambao ni ndugu wa mpingo kwa ukoo. (Sisi huchanganya mpingo na abunusi kwa ajili ya weusi wao, lakini ni koo mbili mbali.) Miti ya namna ya mpingo ni mizito na ina mafuta yake ya asili. Vanishi ukiipaka hapo hukawia kukauka, na ikishakauka huwa tayari kubanduka. Kwa hivyo watengenezaji wengi huuacha ubao huo mtupu, wakautia mafuta kidogo tu.

Mti mweupe wa nchi za baridi uitwao mepo una shauri jingine. Huo sharti upakwe, kwani hunywa jasho na uchafu. Kampuni ya Fender ya California ilianza miaka ya 1950 kwa shingo za mepo zilizopakwa vanishi; vidole vikaila vanishi, na chini yake mti ukaingia weusi. Mwaka 1959 magitaa yao makubwa yakabandikwa ubao wa mti mweusi, ingawa mepo ilirudi baadaye.

Hata hivyo sikutaka kumdhulumu fundi wa majahazi. Yule Mmarekani Jaco Pastorius, bingwa wa gitaa la besi, aling'oa vile vichuma vinavyokingama shingoni, akaziba nafasi zake, kisha akaupaka ubao gundi ngumu ya kuundia boti. Alikuwa na sababu. Pasipo vichuma, uzi wenyewe husugua mti, na nyuzi zake za chuma zingeutafuna. Udi wetu nao hauna vichuma, na ndiyo sababu ubao wake hutakiwa uwe wa mti mgumu. Lakini gitaa la ndugu yangu lina vichuma vyake vyote. Uzi hukaa juu ya chuma, hausugui mti. Vanishi ya boti ingemkinga na nini?

"Basi tupake mafuta ya nazi," akasema kijana.

Hapo nikacheka, kwani kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Udi wangu niliupaka mafuta ya nazi, nikajiona hodari. Mafuta ya nazi hayakauki abadani. Yalikaa juu yakakusanya vumbi, kisha yakavunda, na kila nilipoushika udi nikawa nanuka kama mtungi wa juzi. Mafuta ya kitani, yale maseremala wayaitayo linsidi, hushikana na hewa yakaganda ndani ya mti. Matone machache yanatosha: unapaka, unangoja kama robo saa, unafuta mpaka kitambaa kitoke kikavu. Ukiyaacha mengi yatanata.

Bado palikuwa na ule msasa. Nikamshika mkono nikaupeleka karibu na kichwa cha gitaa, baina ya vichuma vya mwanzo. Pale mti umebonyea, vishimo vidogo vidogo, kimoja chini ya kila uzi aliokuwa akiupenda baba yake. Kijana alifariki babake naye ana miaka minne. Sauti yake haikumbuki. Akapitisha kidole mara mbili, tatu, asiseme neno. Kisha akaniuliza kama vishimo vile vinaharibu sauti. Nikamwambia la, maadamu vichuma havijalika.

Mkebe aliurudisha mfukoni. Tulisugua uchafu kwa sufu laini ya chuma, kwa kufuata mkondo wa mti, tukapaka mafuta, tukafuta. Kitambaa cha kitani hakikunjwi kikatupwa pembeni, kwani hupata moto chenyewe na chaweza kuwaka. Nikakitandaza peke yake kwenye kamba ya uani. Magharibi mke wangu alipotoka kuanua nguo, akauliza lile tambara linalonuka ni la nani.