Utafiti wa afya kambini: fedha hutoka wapi, na nani huamua?

Kijana mwenye tableti amekaa nawe kivulini karibu saa nzima. Amekuuliza unalalaje usiku, watoto wamekula mara ngapi, kama una mawazo mengi. Umemjibu yote. Akakushukuru, akaenda nyumba ya jirani, na hujamwona tena. Baada ya ziara kama hizo, swali tunaloulizwa zaidi, na wakimbizi na wenyeji, ni hili: watu hawa wanalipwa na nani, na mbona sisi hatuoni kitu?

Tuanze na fedha. Utafiti mkubwa wa afya kwa kawaida huendeshwa kwa ruzuku yenye mkataba wake na bajeti yake. Fedha hizo si sehemu ya mgao wako wa chakula, na mtu anayekuhoji hana uwezo wa kuzihamisha. Mara nyingi ni kodi za wananchi wa nchi nyingine, na serikali zao huzigawa kwa mashindano.

Chukua mfano wa mfuko uitwao R2HC, ulioanza mwaka 2013 na unaosimamiwa na shirika la Elrha la Uingereza. Hugharamia utafiti wa afya katika maeneo yenye vita, majanga na wakimbizi. Fedha zake zimetoka kwa serikali ya Uingereza, ikiwemo taasisi yake ya utafiti wa afya, NIHR, pamoja na mfuko binafsi wa Wellcome.

Mashindano yanaendaje?

Kwanza linatoka tangazo: maswali gani yanatafutiwa majibu, nani anaruhusiwa kuomba, na mwisho wa kupokea maombi ni lini. Mtu mmoja hawezi kuomba peke yake. R2HC hutaka watafiti washirikiane na shirika linalotoa huduma kwa watu walio katika dharura. Waombaji hutuma kwanza muhtasari mfupi, na wachache tu huitwa kuandika andiko kamili. Andiko hilo husomwa na wataalamu wasiohusika na mradi, kisha kamati hukaa na kulijadili. Je, swali hili lina uzito? Njia iliyopangwa italeta jibu la kuaminika? Timu inaweza kazi hii? Jibu likipatikana, nani atalitumia? Bajeti ni ya haki?

Wengi hutoka mikono mitupu. Hata katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, ambazo zina fedha nyingi kuliko nyingine, kwa miaka mingi ni karibu andiko moja tu kati ya matano lililopata ruzuku. Kwa hiyo tatizo la kambi yako kukosa utafiti si ushahidi kwamba ni dogo. Huenda liliandikwa likashindwa, au halikuandikwa kabisa.

Mashindano haya ni bora kuliko kugawiana fedha kwa kujuana. Lakini tuseme ukweli, yanampendelea anayeandika Kiingereza vizuri na mwenye ofisi ya kutunza hesabu. Mama anayeishi na tatizo lenyewe mara chache huwa mezani.

Fedha zilizaa nini Rhino Camp?

Ruzuku ya R2HC ndiyo iliyogharamia utafiti katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini wenye msongo wa mawazo. Vijiji 14 viligawanywa kwa kura. Katika nusu ya vijiji, wanawake walikutana kwa vikundi mara tano, wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao na kutumia kitabu cha picha. Nusu nyingine walipata ushauri wa kawaida ulioboreshwa kidogo. Jumla walikuwa wanawake 694.

Kura hiyo huleta manung'uniko kila mahali: kwa nini wale na si sisi? Sababu ni kwamba bila kundi la kulinganisha, huwezi kujua kama nafuu imeletwa na mafunzo au na muda tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Miezi mitatu baadaye, waliopata mafunzo walikuwa na nafuu zaidi, ingawa tofauti haikuwa kubwa sana. Leo Shirika la Afya Duniani linatoa mafunzo hayo, yaitwayo Self-Help Plus, bila malipo. Wahudumu wasio madaktari wanaweza kuyaendesha.

Wewe unaingia wapi?

Mdodosaji akifika mlangoni, maswali na bajeti vimeshapitishwa zamani. Ukimwambia aongeze swali la maji, hawezi. Sauti yako ina nguvu zaidi mapema, wakati shirika linapoitisha mkutano na kusema bado halina mradi bali linaandika andiko. Watu wengi huupuuza mkutano huo kwa sababu hauna soda wala nauli. Lakini ndipo maswali yanapopangwa, na wafadhili kama NIHR sasa huwataka waombaji waeleze jinsi jamii ilivyoshirikishwa. Kama kuna shirika lililoanzishwa na wakimbizi wenyewe, lidai kuwa mshirika mwenye fungu lake kwenye bajeti.

Na mlangoni, uliza. Uganda, utafiti kwenye makazi unahitaji kibali cha kamati ya maadili, cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na cha Ofisi ya Waziri Mkuu. Omba kuviona, au muulize mwenyekiti wako kama ameviona. Fomu ya ridhaa inapaswa kusema nani anafadhili, utarudishiwa nauli au fidia ya muda wako kiasi gani, na namba ya kupiga ukiwa na malalamiko. Baki na nakala yako. Unaweza kukataa, au kuacha katikati, na hilo halipaswi kugusa chakula chako, kadi yako wala faili lako la kuhamishiwa nchi ya tatu. Anayekuahidi kuhamishwa ili ushiriki anakudanganya. Anayekudai pesa ili akuandikishe, mripoti kwa polisi au kwenye dawati la malalamiko siku hiyo hiyo.

Kabla hajafunga tableti yake, muulize jambo moja zaidi: matokeo yatasomwa hapa kijijini lini, na kwa lugha gani? Andika jina lake na tarehe aliyokutajia.