Kabla mtoto hajaweka mkeka, tumfundishe uwezekano

Likizo iliyopita nilikuwa Malaba kwa dada yangu. Mumewe ni dereva wa lori, hupakia mizigo bandarini Mombasa na kuvukia hapo kuelekea Uganda. Jioni moja mwanawe wa kidato cha tatu akanionyesha simu ya kaka yake. Alikuwa ameweka mkeka wa mechi 17 kwa pesa alizopewa anunue vitabu.

"Mjomba, hii ikiingia, baba hataendesha lori tena."

Nikamuuliza kama shuleni wamesoma uwezekano. Akasema wamesoma, lakini hiyo ni hesabu ya mtihani tu.

Ndugu msomaji, jibu hilo ndilo limenifanya niandike leo. Somo lipo darasani, na mtoto halioni likimhusu. Basi tuliletee mfano wa pale mpakani.

Uwezekano ni namba kati ya 0 na 1. Jambo lisiloweza kutokea ni 0, la hakika ni 1. Kama matokeo yote yana nafasi sawa, chukua idadi ya yale unayoyataka, uigawe kwa idadi ya matokeo yote. Sarafu yetu mpya ya shilingi 20 ina ndovu upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Ukiirusha, uwezekano wa ndovu ni 1 kwa 2, yaani nusu.

Je, ndovu akitokea mara nne mfululizo, sasa si zamu ya nembo? Hapana. Sarafu haina kumbukumbu. Mrusho wa tano bado ni nusu kwa nusu. Wanafunzi 40 wakirusha kila mmoja mara 10, wako watakaopata ndovu mara 7 au 8. Lakini wakijumlisha mirusho yote 400, hesabu itasogea karibu na nusu. Hilo walimu wanaweza kulifanya kwa kipindi kimoja.

Sasa tuende stendi, kwenye pata potea. Karata tatu, moja ndiyo ya ushindi. Ukipatia unaongezewa shilingi 100, ukikosa unapoteza 100. Uwezekano wako ni thuluthi moja. Ukicheza mara 30, tarajia kushinda kama mara 10 na kushindwa mara 20. Umepata 1,000, umetoa 2,000. Na hapo nimechukulia kwamba mchezeshaji ni mwaminifu, hana karata ya ziada mkononi wala rafiki yake katikati ya watazamaji!

Turudi kwenye mkeka. Kila mechi ina matokeo matatu: nyumbani, sare, ugenini. Kwa mechi 17, tunazidisha 3 kwa 3 mara 17, tunapata mikeka tofauti 129,140,163. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Mpwa wangu akanipinga, na alikuwa na hoja: timu kubwa huzifunga ndogo, kwa hivyo nafasi si sawa. Nikampa 0.6 kwa kila mechi, ambayo ni nyingi. Alizidisha 0.6 mara 17 kwa kikokotoo chake, akapata takriban mara 1 katika mikeka 5,900. Kwa mkeka mmoja kila wiki, hiyo ni zaidi ya miaka 110. Alinyamaza kidogo, kisha akazidisha tena kuhakikisha.

Uwezekano hauishii kwenye kamari. Baba yake ana daftari la safari. Tulilifungua, tukakuta katika safari 20 za karibuni, mara 5 alilala mpakani kwa foleni. 5 kwa 20 ni robo. Basi kila safari nne, mama aweke pembeni pesa za kulala za usiku mmoja. Hapa hatukudhani nafasi ziko sawa, tulihesabu yaliyotokea. Ni uwezekano vilevile, na ndio unaosaidia nyumba kupanga.

Sisi Waislamu tunawaambia watoto kwamba kamari ni haramu, na ni haki kuwaambia. Lakini kijana anayeona wenzake wa bodaboda wakisimulia ushindi wao, na kunyamaza wanapopoteza, anahitaji pia kuihesabu hasara kwa mkono wake mwenyewe. Wenye kampuni za kamari hesabu hii wanaijua vizuri, na kwayo wanapanga malipo yao ili wao wabaki na faida. Asiyeijua ni mteja.

Mkeka wa mpwa wangu ulichanika siku ya kwanza. Vitabu nilimnunulia mimi, kwa sharti moja: awafundishe wenzake watano ile hesabu ya 0.6. Juzi amenipigia simu. Amefikia watatu, na mmoja wao bado anabisha.