Sura ya Sita: Betri ya Kukesha

Katika pwani ya Ziwa Tanganyika, tangu Ujiji hadi Katonga na Kibirizi, kazi ya kuvua dagaa hufanywa usiku wa giza, kwa kuwa dagaa hufuata nuru, na mvuvi asiyekuwa na taa hana la kutarajia ila wavu mtupu. Kwa miaka mingi nuru hiyo ilitoka katika karabai, ambayo ilikula mafuta ya taa usiku kucha na kupasuka kioo kwa tone moja la mvua. Siku hizi karabai zimepungua, na mahali pake pameshikwa na taa za LED ziwashwazo kwa betri, ambayo mchana huchajiwa kwa jua. Badiliko hili ni la heri, walakini limemletea mvuvi gharama asiyoizoea, gharama ya chombo chenye thamani kubwa ambacho hufa bila ya kuonyesha jeraha. Muradi wa sura hii ni kueleza kwa nini hufa, na jinsi ya kurefusha umri wake. Na mwenye nyumba ya sola kijijini, au msafiri mwenye gari la kulala ndani, atayakuta humu maneno yale yale yamfaayo.

Betri ya risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, yaani mwaka mmoja tu baada ya wasafiri Waingereza Burton na Speke kuwasili Ujiji, na asili yake haijabadilika: pleti za risasi zimezamishwa katika tindikali ya salfuriki iliyochanganywa na maji, ndani ya vyumba sita vilivyopangwa mfululizo, kila kimoja kikitoa takriban volti 2, hata vyote pamoja vikafanya 12. Umeme unapotumika, salfeti ya risasi hujitanda juu ya pleti na tindikali hupungua ukali. Umeme unaporudishwa, salfeti huondoka na tindikali hupata ukali wake tena. Lakini salfeti ikiachwa siku nyingi pasipo chaji hugeuka fuwele ngumu, ambazo chaji ya kawaida haiwezi kuziondoa, na sehemu ya pleti iliyofunikwa nazo haifanyi kazi tena. Msomaji ayashike haya, kwani karibu nasaha zote zifuatazo zimetoka hapa.

Aghalabu hasara ya kwanza hupatikana dukani. Betri ya gari imeundwa kwa pleti nyingi nyembamba, ili itoe umeme mwingi kwa nukta chache za kuwasha injini, kisha altaneta ifidie upungufu mara moja. Ikilazimishwa kuwasha taa toka magharibi hadi alfajiri, usiku baada ya usiku, pleti zake humomonyoka upesi. Betri ya kukesha, ambayo madukani huitwa betri ya sola, ina pleti chache zilizo nene, nayo huwa kama mpagazi wa zamani aliyeuchukua mzigo wake toka Bagamoyo hadi Ujiji: hana mbio, lakini hufika. Unene huo ni risasi, na risasi ni nzito. Kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 ya namna hii aghalabu haipungui kilo 25, na iliyo nyepesi mno, hata kasha lake likiandikwa maneno mazuri namna gani, mnunuzi na aiache.

Ukubwa wake nao haukisiwi, huhesabiwa. Tuchukue mtumbwi wenye taa nne za wati 12: jumla ni wati 48, ambazo kwa volti 12 ni ampea 4, na kwa usiku wa saa kumi ni ampea-saa 40. Asiyejua atanunua betri ya 40 akidhani amefanya iktisadi, ilhali betri ya risasi haifai kutolewa zaidi ya nusu, maana kadiri inavyoshushwa chini kila usiku ndivyo usiku itakaoumudu unavyopungua; basi anunue ya 80, na akiweza, ya 100. Na ili kuzirudisha ampea-saa hizo 40, pamoja na zipoteazo, kwa saa tano za jua kali, paneli iwe ya wati 200 hivi, kwani paneli ndogo kila siku hurudisha pungufu kidogo, na pungufu hujikusanya. Kati ya paneli na betri pawe na kidhibiti chaji, kinachozuia volti zisipite 14.4 au kiasi alichokitaja mtengenezaji, la sivyo jua lile lile litaichemsha.

Betri ya maji, yenye vifuniko vya kufunguliwa, ni rahisi kwa bei, lakini mawimbi yakiiinamisha humwaga tindikali. Iliyofungwa haimwagiki, na kwa sababu hiyo ndiyo ifaayo mtumbwini. Betri ya lithiamu na fosfeti ya chuma haifiki nusu ya uzito wa hizo, nayo hutolewa hata robo tatu bila ya madhara. Bei yake humtisha mtu, lakini kwa anayevua mwaka mzima naona ndiyo rahisi mwishowe.

Mwenye betri ya maji aikague kila mwezi, akaongeze maji yaliyotoneshwa peke yake, tena baada ya kuchaji. Asitie maji ya ziwa, wala asimkubalie fundi kumwongezea tindikali, maana kinachopotea kwa kuchemka ni maji, na tindikali imebaki ndani. Aichaji penye hewa, mbali na jiko na sigara, kwa kuwa hutoa haidrojeni, ambayo hulipuka. Na aiweke kivulini, maana kila joto linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wake hukatika takriban nusu.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya siku za mbalamwezi. Mwezi unapokuwa mpevu taa hupoteza nguvu ya kuwaita dagaa, na mitumbwi hupumzika pwani. Na betri, iliyorudi alfajiri ya mwisho ikiwa nusu tupu, huwekwa pembeni hadi giza lirejee. Ni hapo salfeti inapokaza. Siku za kazi haziiui betri ya risasi kama zinavyoiua siku hizi za mapumziko. Dawa yake ni kuichaji mara tu itokapo ziwani, bila ya haraka, kwani sehemu ya tano ya mwisho huingia pole pole kwa saa nyingi. Kisha iachwe saa kadhaa, ipimwe kwa mita, na ikisoma volti 12.7 imejaa, ilhali 12.2 ni nusu tu. Ya lithiamu kaida yake ni kinyume: ikitaka kulala muda mrefu, na ilale ikiwa nusu.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu ni mingi kuliko betri ya risasi iwezavyo kuvumilia ikiwa haikujaa. Basi ewe mwenye mtumbwi, siku ziwa litakapofungwa tena, ijaze betri yako ya risasi kabla ya kuiweka, uchomoe nyaya zake zote, na kila mwezi uirudishe juani hata ijae.