Bati yetu inaenda, risasi inabaki kwenye sufuria

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwenye mdomo wa bunduki, na risasi ni ile metali nzito, laini, ya rangi ya majivu, yenye wengi wetu tunaiita plomb. Neno halikukosea. Kwa miaka mamia, kitu cha kwanza kilitengenezwa na kitu cha pili. Lakini kuna watu ng'ambo wenye wameanza kuvitenganisha, na mahali pa plomb wanaweka shaba na bati. Bati ni ile inayotoka ndani ya kasiterite. Njo maana tumeona habari hii inawahusu watu wa mashimo, na zaidi wamama wenye kupika.

Tuanze mbali, kule Marekani. Mkulima wa kule ana adui sawa wetu: wanyama wadogo wanaotoboa udongo. Marmoti anachimba shimo katikati ya shamba, trakta inazama. Panya wa malishoni wanakula majani ya ng'ombe, na farasi anavunja mguu kwenye matundu yao. Kwa ajili ya wanyama hao kulitengenezwa bunduki za mdomo mwembamba, zinazorusha kidude kidogo kwa mbio ya ajabu. Mwaka 1950 kampuni Remington ilitoa kartushi yake ya .222, na watu wa marmoti waliipenda sana. Baadaye ikarefushwa kidogo, na katika miaka ya 1960 jeshi la Marekani likaichukua ile ndefu pamoja na bunduki M16. Hiyo njo 5.56 ya leo. Kartushi ya kulinda shamba ikawa kartushi ya vita, na haikuchukua hata miaka ishirini. Huku kwetu nyingi tunazookota ni 7.62 za Kalashnikov, lakini 5.56 nayo inajulikana.

Wengi kati ya wawindaji hao wa marmoti hawanunui kartushi tayari. Wanajaza wenyewe nyumbani. Wanaokota maganda yao kisha kupiga, wanayasafisha, wanayabana kwenye mashine ya mkono ili yarudie kipimo chake, wanaweka amorsi mpya (kile kidude cha duara nyuma kinachowasha moto), wanapima baruti, mwishoni wanakaza risasi juu. Ganda moja linatumika mara nyingi, juu limetengenezwa na shaba na zinki, linavutika bila kupasuka haraka. Wanafanya hivyo kwa kuhepa bei, lakini pia kwa ajili ya shabaha: kila bunduki iko na baruti inayoipenda.

Mizani yao ndiyo ilitushangaza. Wanapima kwa grain, na grain moja ni karibu miligramu 65. Mizani nzuri inaonyesha sehemu ya kumi ya grain, ni kusema miligramu 6 na nusu. Mnunuzi wa dhahabu wa Omate angeona wivu. Hawafanyi hivyo kwa kujionyesha. Ndani ya kartushi hiyo ndogo, moto unapowaka, presha inapita bar 3,500. Gurudumu la pikipiki linabeba bar mbili hivi. Mtu akizidisha baruti kidogo, ao akichanganya aina mbili, bunduki inaweza kupasukia usoni mwake. Kwa hiyo wanafuata kitabu cha vipimo, neno kwa neno, na anayejaza kwa macho tu, wenzake wanamkimbia.

Sasa tufike kwenye metali. Risasi ya zamani ni plomb iliyofunikwa shaba. Ikipiga mnyama kwa mbio ile, plomb inavunjika vipande vidogo sana, vingine vidogo kuliko punje ya chumvi, na vinaingia ndani ya nyama mbali na tundu. Jicho halivioni. Mwaka 2008, katika jimbo la North Dakota, daktari mmoja alipitisha kwenye mashine ya radio nyama ya swala iliyotolewa kwa maskini, akakuta vipande vya metali. Serikali ya jimbo ikaomba nyama ile itupwe. Mwaka huohuo damu ya watu 738 wa jimbo hilo ilipimwa, na wale wenye kula nyama ya kuwinda walionekana na plomb nyingi kuliko wenye hawakuila. California ilienda mbali zaidi, hasa kwa kuokoa ndege mmoja mkubwa, kondori, mwenye alikuwa anakufa kwa kula mizoga iliyopigwa. Sheria ilipitishwa mwaka 2013, na tangu tarehe 1 Julai 2019 hakuna mtu anaruhusiwa kuwinda huko kwa plomb.

Wenye viwanda wakatafuta kitu kingine. Kampuni Barnes ilitengeneza risasi ya marmoti yenye ndani ni unga wa shaba na bati uliokandamizwa. Ya 5.56 ina grain 36, gramu 2 na kidogo. Kilo moja ya metali inatoa zaidi ya risasi 400. Ikigusa mnyama inakuwa vumbi, na vumbi lile halina plomb.

Shaba ni ya Katanga, bati ni ya Bisie: hivyo ndivyo kila mchimbaji atawaza, na hakosi sana. Ndani ya kilo 100 za kasiterite safi mna bati karibu kilo 78. Mwaka 2024 mgodi wa Alphamin kule Bisie ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Tuseme lakini ukweli wote. Karibu nusu ya bati ya dunia inaenda kuunganisha nyaya ndani ya simu na mashine, na risasi za marmoti zinakula kidogo sana. Tena, ikishayeyushwa Asia, ya Walikale inachanganyika na ya Indonesia ao ya Peru, na hakuna mtu atasema tone hili limetoka shimo gani. Lakini tuangalie upande wetu wa mizani. Sisi tunatoa metali isiyodhuru mtoto. Ni ipi inayobaki kwetu?

Masisi, mkulima wa viazi na maharagi anajua fuko, anajua na nyani. Fuko anakata mizizi chini kwa chini, unaona jani linanyauka tu. Dawa yake ni mtego wa fimbo na kamba, ao kijana mwenye subira na jembe. Nyani wanafukuzwa na watoto na mbwa. Bunduki ya shamba haiko, na isiwe. Ordonnance-loi namba 85-035 ya mwaka 1985 inamwomba kila mtu kibali cha silaha, lakini hata bila sheria ile, mkulima gani wa Masisi leo atatembea na bunduki begani? Asubuhi kundi moja litamwita wa upande huu, jioni lingine litamwita wa upande ule. Kwa hiyo bunduki iliyozaliwa kwa ajili ya shamba, kwetu haina shamba. Tunaona hilo ni pato lake moja la busara katikati ya taabu.

Walikale ni tofauti. Pale msitu uko karibu, na makambi ya madini yanataka nyama. Wachimbaji mia tatu juu ya kilima, ng'ombe hakuna, samaki wa chumvi bei iko juu: mwindaji anakuja. Yeye ana kalibre 12, wakati mwingine bunduki iliyotengenezwa na fundi wa kijiji. Naye anajaza maganda yake, kama yule wa Marekani. Lakini hana mizani, hana kitabu. Baruti anaipima kwa kifuniko ao kwa kiganja. Kalibre 12 inafanya kazi kwa presha ndogo kuliko 5.56, lakini ni mamia ya bar bado, na bomba la fundi halikupimwa na mtu. Vidole vinakatika, macho yanapotea. Mwindaji akiumia porini, hospitali iko mbali siku moja ao mbili kwa mguu.

Na vile vipira anavyoweka mbele ya baruti ni plomb. Nyingine ni ya betri za zamani, iliyoyeyushwa kwenye jiko. Hapa tunaomba baba na mama wasikilize vizuri. Moshi na vumbi la plomb vinaua watoto, na ushahidi hautoki Marekani tu. Kule Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, juu wamama walikuwa wanachekecha mchanga wa betri kuukuu. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia plomb ndani ya udongo na damu ya wakaaji. Mwaka 2020 korti iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Na Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, walikuwa wachimbaji wa dhahabu kama sisi. Mawe yao yalikuwa na plomb, wakayasaga ndani ya nyua za nyumba. Watoto zaidi ya 400 walikufa.

Plomb haiui kila mara. Mara nyingi inaiba kidogo kidogo. Mtoto anaumwa tumbo, anakosa damu, anachoka, shuleni hashiki somo, na watu wanasema ni mvivu ao ni minyoo. Mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto ndani ya tumbo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha plomb ndani ya damu chenye kinajulikana kuwa hakina hatari.

Tutafanya nini basi, na nyama iko sokoni? Hatutawaambia wamama wa kambi waache nyama. Hiyo ni lugha ya wenye kushiba. Lakini ukinunua simbilisi ao nungu aliyepigwa kwa bunduki, kata utupe kiganja kizima cha nyama kuzunguka kila tundu, pamoja na ile iliyovia damu. Usiwape mbwa wa nyumbani wala kuku. Papasa nyama kwa vidole mbele ya kuipika, toa kila kipira. Usiilaze ndani ya ndimu ao siki, juu uchachu unayeyusha plomb na kuieneza. Mtoto mdogo na mama mwenye mimba wapewe ile ya mguu wa mbali na tundu, ao samaki, ao maharagi. Mnyama wa mtego hana plomb ndani, lakini tukumbuke kwamba kamba ileile inakamata na ngila, na ngila amelindwa na sheria, ndani ya parke na inje.

Kwa mwindaji, neno ni moja: usiyeyushe plomb pale watoto wanalala, wala ndani ya sufuria itakayorudi jikoni. Nguo ulizovaa zisifuliwe pamoja na za mtoto.

Na kwa wachimbaji vijana wenye kuokota maganda kwa kuuza shaba. Ganda tupu lina tundu mbele na alama ya msumari nyuma, katikati ya amorsi. Kama alama haiko, amorsi bado iko hai, hata kama baruti imetoka. Usilipige nyundo, usilitie moto, usiliweke mfukoni karibu na baruti za kupasua mawe. Kartushi nzima, bomu ao kitu usichokijua, kiache pale kilipo, weka fimbo ao mawe mbali kidogo kama alama, mwite chef wa kijiji. Na ganda lililopigwa lenyewe lina vumbi la plomb ndani, limetoka kwenye amorsi: nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika bugali.