KLEMATISI ILIYONYAUKA ISING'OLEWE UPESI

Klematisi ni mmea utambaao, ujishikao kwa vikonyo vya majani yake. Katika misitu ya milima ya Kenya zimo aina za mwituni, zitoazo maua madogo meupe. Lakini zile za maua makubwa, zipendwazo sana katika bustani za Uingereza, ni kazi ya watu. Mwaka 1858, katika bustani ya miche ya jamaa ya Jackman huko Woking, karibu na London, vumbi la ua la aina moja lilitiwa katika ua la aina nyingine. Mwaka 1862 miche iliyotokana na mbegu hizo ilichanua. Mmoja wao, wenye maua ya zambarau, uliitwa Jackmanii, na hata leo hupandwa.

Hata hivyo, klematisi za maua makubwa huwavunja moyo wengi. Zikiwa karibu kuchanua, shina huweza kunyauka ghafula na majani kuwa meusi. Mwenye bustani hudhani mmea umekufa, akaung'oa. Kumbe mizizi yake ingali hai. Ugonjwa huo huletwa na ukungu ushikao shina, wala hauiui mizizi. Basi yafaa shina hilo likatwe mpaka penye uzima, hata ikiwa ni usawa wa ardhi, kisha lichomwe moto, na mkasi usafishwe. Baadaye, pengine mwaka ufuatao, machipukizi mapya huweza kutokea chini.

Ili yapate kutokea, mche hauna budi kupandwa kwa kina. Shimo litiwe mbolea iliyooza vizuri, na mche ushushwe hata sehemu ya juu ya mizizi iwe inchi 2 au 3 chini ya udongo. Macho ya shina yaliyofukiwa ndiyo akiba yake. Tena, mizizi hupenda ubaridi na maji, bali maua hupenda jua. Kwa hiyo mimea mifupi au mawe bapa yawekwe kuitilia mizizi kivuli.

Jackmanii huchanua katika matawi mapya. Kwa hiyo, huko Uingereza, hukatwa mwezi wa Februari au Machi, yakabaki mashina ya futi moja hivi. Aogopaye kukata hupata maua juu kabisa, na chini vijiti vitupu.

Basi mwenye klematisi iliyonyauka na atwae mkasi, jembe aliache ghalani, angoje.